Sikio Halitoshi: Maneno ya Kiingereza Yanayotamkwa Sawa

Kiingereza kina mamia ya maneno yanayotamkwa kwa sauti moja lakini yanaandikwa tofauti na kila moja lina maana yake. “Sea” ni bahari, “see” ni kuona. “Son” ni mtoto wa kiume, “sun” ni jua. “Their”, “there” na “they’re” hutoka kinywani yakiwa hayana tofauti yoyote. Wanaisimu huyaita maneno ya namna hii homofoni. Msikilizaji hapati tabu nayo, kwa sababu mazungumzo yenyewe humwonyesha kinachokusudiwa. Anayepata tabu ni mwandishi: kalamu inamdai achague, na sikio halina la kumwambia.

Kiswahili nacho kina maneno ya sauti moja. “Kaa” ni kiumbe wa pwani mwenye magando, ni kipande cha mkaa unaowaka, na ni kitenzi cha kuketi. “Paa” ni la nyumba, ni mnyama wa porini, na ni kitendo cha ndege anapoiacha ardhi. Lakini hayo yote huandikwa kwa herufi zilezile, na msomaji huachiwa muktadha umwongoze. Kiingereza kimefuata njia nyingine, kimeyatenga maneno yake kwa macho badala ya masikio. Mtu aliyelelewa katika Kiswahili, aliyezoea kuandika kile anachosikia, hujikuta akikosea hata pale anapoijua maana vizuri. Kosa hilo halitokani na uhaba wa akili wala uvivu. Waingereza na Wamarekani wenyewe hulifanya kila siku, kwa kuwa nao walijifunza maneno hayo kwa sikio kabla ya kuyaona yameandikwa.

Chanzo cha hali hiyo ni umri wa tahajia ya Kiingereza. William Caxton alipoweka mtambo wa kwanza wa kuchapa vitabu nchini Uingereza, huko Westminster, mwaka 1476, maneno yalianza kugandishwa katika maumbo ambayo mengi yake yangalipo hadi leo. Matamshi hayakuganda. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama mahali pake kinywani, moja ikiisukuma nyingine. Katika siku za mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, “meet”, yaani kukutana, na “meat”, yaani nyama, yalikuwa na irabu mbili tofauti: ya kwanza ilikuwa e ndefu iliyobanwa, ya pili e ndefu ya mdomo uliofunguka zaidi. Baadaye tahajia za “ee” na “ea” zikatumika kuonyesha tofauti hiyo. Kisha sauti zote mbili zikapanda hadi zikakutana kwenye i ndefu, na tofauti ikabaki kwenye karatasi tu.

Maneno machache ya “ea” hayakuwafuata wenzake. “Great”, “steak” na “break” yalibaki na sauti ya “ei”. Ndiyo sababu “break”, kuvunja, husikika sawasawa na “brake”, breki ya gari, ingawa kwa kutazama herufi mtu angelitamka kama “speak”.

Konsonanti nazo zilikuwa na safari yao. K ya “knight”, askari mpanda farasi wa zama za kati, ilitamkwa waziwazi, na “gh” yake ilikuwa sauti inayokaribia “kh” ya “kheri”. “Night”, usiku, halikuwa na k. Mwingereza wa enzi hizo hakuwa na namna ya kuyachanganya maneno hayo mawili. K ilipoacha kutamkwa mbele ya n, yakawa pacha, na vivyo hivyo “know”, kujua, likalingana na “no”, hapana. W ya “write”, kuandika, ilipotoweka midomoni, neno hilo likalingana na “right”, sahihi. Herufi hizi ambazo walimu huziita bubu hazikuwekwa ili kumtesa mwanafunzi. Zilikuwa na sauti, na kuzikumbuka kwa namna hiyo ni rahisi kuliko kuzikariri kama mzigo usio na maana.

Kiswahili kimeepuka shida hiyo kwa sehemu kubwa kwa sababu tahajia yake rasmi ya herufi za Kilatini ni changa. Usanifishaji wake ulisimamiwa na kamati ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar iliyoanza kazi mwaka 1930, ikiichukua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi. Matamshi hayajapata karne tano za kuiacha nyuma. Katika maandishi ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho: i na e zilishiriki alama moja, u na o zikashiriki nyingine, na msomaji alilazimika kulijua neno ili aweze kulisoma.

Baadhi ya jozi za Kiingereza ni ngumu zaidi kwa kuwa zamani zilikuwa neno moja. “Flour”, unga, na “flower”, ua, ni neno lilelile: unga mweupe uliochekechwa vizuri uliitwa ua la ngano, yaani sehemu yake iliyo bora kabisa, na tahajia mbili zilitengana baadaye sana. “Than” la kulinganisha na “then” la wakati yalikuwa neno moja hadi karne ya 17. “Too”, lenye maana ya “pia” au “kupita kiasi”, lilitokana na “to” lililotiwa mkazo. “Metal”, madini, na “mettle”, ujasiri wa moyo, vilevile. Hapa hakuna hila ya matamshi inayoweza kumsaidia mtu. Ni lazima ajue kwamba desturi imegawa kazi, kila umbo likapewa fungu lake.

Hilo ndilo linalofaa kushikwa kuhusu homofoni zote. Kulitamka neno polepole zaidi hakumfikishi mtu popote. Swali la kujiuliza ni neno linafanya kazi gani katika sentensi, na ndugu zake ni akina nani.

Makosa yanayoonekana mara nyingi zaidi yanatoka kwenye alama ndogo ya ritifaa. Katika Kiswahili ritifaa huonyesha sauti, kama katika “ng’ombe”, ila watu wa pwani na washairi huitumia pia kuonyesha kilichomezwa, kama katika “n’nakuja”. Kiingereza kinaitumia kwa maana hiyo ya pili: mahali palipo na ritifaa pameondolewa kitu. “It’s” ni “it is” au “it has” iliyofupishwa. “You’re” ni “you are”, “they’re” ni “they are”, “who’s” ni “who is” au “who has”. Wenzao wasio na ritifaa, yaani “its”, “your”, “their” na “whose”, ni vimilikishi: -ake, -ako, -ao, na “ya nani”. Anayesita kati ya hayo na airefushe sentensi. “The dog is wagging it is tail” haina maana, kwa hiyo kinachotakiwa ni “its”. “It is raining” ina maana, kwa hiyo “it’s” ni sahihi. Jaribio hili halijawahi kudanganya, na mwandishi anayelizoea anaweza kuachana na kanuni nyingine zote za kundi hili.

Kinachowapotosha wengi ni kwamba nomino za Kiingereza hutumia ritifaa kuonyesha umilikaji: “the teacher’s book” ni kitabu cha mwalimu. Mtu huona mantiki ya kuandika “it’s tail” kwa kufuata mfano huo. Lakini viwakilishi havifuati sheria ya nomino. Hakuna anayeandika “hi’s” kwa “his”, na “hers”, “ours”, “yours” na “theirs” vilevile havina ritifaa. “Its” lenyewe ni neno la juzi kwa vipimo vya Kiingereza. Biblia ya Mfalme James ilipochapishwa mwaka 1611 haikulitumia, kwa kuwa bado “his” lilitosha kwa watu na vitu. Lilipoenea, waandishi wengi waliliandika kwa ritifaa, na ilichukua muda mrefu kabla ya desturi ya leo kutulia. Anayelikosea leo anarudia kosa lililowahi kufanywa na wasomi wakubwa.

“There” ni neno la mahali, na ndugu zake ni “here”, hapa, na “where”, wapi. Yote matatu yana “here” ndani yake, na hilo linatosha kulitenga na “their”. Nalo “hear”, kusikia, lina “ear”, sikio, tumboni mwake, kwa hiyo haliwezi kuwa “here”. “Two”, mbili, lina w isiyotamkwa, lakini ndugu zake “twelve”, “twenty”, “twice” na “twin” bado wanaitamka, na ukoo wote huo ni wa hesabu ya mbili. Kumtafuta ndugu ambaye bado anaitamka herufi iliyonyamaza ni njia nzuri kuliko vijishairi vya darasani, maana inafanya kazi hata kwa maneno ambayo mwalimu hakuyataja.

Jozi nyingine hutengwa kwa kutambua nomino na kitenzi. Kwa tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo inayofuatwa katika shule za Afrika Mashariki, “practice” na “licence” zenye c ni nomino, “practise” na “license” zenye s ni vitenzi. Matamshi hayatofautiani hata kidogo. Kinachosaidia ni jozi dada ya “advice” na “advise”, ushauri na kushauri, ambako tofauti inasikika: nomino inaishia kwa s, kitenzi kwa z. Leseni ya udereva, basi, ni “driving licence”, na mamlaka inayoitoa inafanya kazi ya “to license”.

“Affect” na “effect” ni jozi inayotesa hata wahariri. Mzizi wake mmoja ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufanya, na tofauti iko kwenye kiambishi: “ad-”, kuelekea, kimekuwa “af-”, na “ex-”, kutoka, kimekuwa “ef-”. Athari inayoelekezwa kwa kitu ni “affect”, kitenzi. Matokeo yanayotoka ni “effect”, nomino. Ukame unawaathiri wakulima: “drought affects farmers”. Madhara ya ukame: “the effects of drought”. Kanuni hii inatosha mara nyingi sana. Pembeni yake kuna matumizi mawili ya nadra. “To effect a change” ni kuyafanya mabadiliko yatokee, si kuyaathiri, na lugha ya sheria na utawala inakipenda kitenzi hicho. “Affect” kama nomino hukaa kwenye vitabu vya saikolojia.

Maneno ya ofisini yanastahili uangalifu zaidi, kwa kuwa hapo kosa linaweza kubadilisha cheo cha mtu au maana ya mkataba. “Principal” ni kivumishi chenye maana ya “mkuu”, na kwa umbo lake linaungana na “central”, “national” na “local”. Mkuu wa chuo ni “principal”, na Kenya ina “Principal Secretary”, katibu wa wizara. Katika mkataba wa mkopo, “principal” ni kiasi chenyewe kilichokopwa kabla ya riba. “Principle” ni kanuni au msimamo wa kimaadili, daima ni nomino, na huishia kwa “-le” kama “rule”. Anayeandika kwamba amerejesha “principle” ya mkopo amesema jambo ambalo benki haiwezi kulielewa ila kwa kumhurumia.

“Council” ni baraza, na ndilo lililo katika jina la Kiingereza la kila halmashauri ya Tanzania. “Counsel” ni ushauri, na pia ni wakili anayesimama mahakamani. Kutokana na hayo kuna “councillor”, diwani, na “counsellor”, mshauri wa masuala ya ndoa, afya au maisha. Mgonjwa anayeelekezwa kwa maandishi aende kwa “councillor” ametumwa kwa mwanasiasa. “Complement” ni kinachokamilisha, nalo linaanza sawa na “complete”. “Compliment” ni sifa au salamu ya heshima. “Complimentary” lina maana nyingine ya ziada, yaani kitu kinachotolewa bure, kama tiketi ya mgeni mwalikwa au chai ya asubuhi katika hoteli, na hapo ndipo mabango mengi hukosea.

Bango lililokosewa kuliko yote labda ni la duka la daftari na kalamu, lile ambalo watu huliita steshenari. “Stationery”, lenye e, ni vifaa vya kuandikia. “Stationary”, lenye a, ni kitu kilichosimama pasipo kusogea, kama gari lililoegeshwa. Maneno haya yana asili moja na historia yake inapendeza. Katika zama za kati wachuuzi wengi wa Ulaya walitembeza bidhaa zao, lakini muuza vitabu alikuwa na kibanda chake cha kudumu, mara nyingi karibu na chuo au kanisa, akaitwa kwa Kilatini jina lenye maana ya aliyekaa mahali pamoja. Kwa Kiingereza akawa “stationer”. Chama chao cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557, na bidhaa zao zikaitwa “stationery”. Anayemkumbuka “stationer” mwenye “-er”, kama “baker” au “teacher”, hataweza kuikosea e hiyo.

Gerejini na dukani orodha ni fupi. “Brake” ni breki, na “break” ni kuvunja; neno “breakfast”, kifunguakinywa, kwa asili ni kuvunja mfungo wa usiku, na linaikumbusha tahajia ya “break” kila asubuhi. “Cheque” ni hundi ya benki na “check” ni kukagua. Kiswahili kimeyapokea yote mawili kwa sikio, kikapata “cheki” na “kucheki”. “Site” ni eneo, lile ambalo mafundi huliita saiti. “Sight” ni uwezo wa kuona au kinachoonekana, na “cite” ni kutaja au kunukuu chanzo.

Zipo pia jozi ambazo si homofoni kwa Mwingereza lakini huwa homofoni kwa wasemaji wengi wa Afrika Mashariki. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha kusini mwa Uingereza huhesabiwa kuwa na sauti za irabu takriban 20, zikiwemo irabu unganifu. Ishirini zikiingizwa katika tano, nyingi hulazimika kukaa chumba kimoja. I fupi na i ndefu hukutana, na “live”, kuishi, husikika kama “leave”, kuondoka. “Fill”, kujaza, kama “feel”, kuhisi. “Ship”, meli, kama “sheep”, kondoo. U fupi na u ndefu hukutana, na “full”, iliyojaa, huwa “fool”, mjinga. A ya Kiswahili hubeba mzigo mkubwa kuliko zote: “hat”, kofia, “hut”, kibanda, “heart”, moyo, na “hurt”, kuumiza, huweza kutamkwa na mtu mmoja kwa sauti moja. “Coat” na “court” hukaribiana pia, ingawa Kiswahili chenyewe kimeyatenga kuwa koti na korti.

Tatizo hili ni tofauti na lile la kwanza na linatibiwa kwa njia nyingine. Kwa “their” na “there” hakuna sauti ya kufunzwa. Kwa “live” na “leave” ipo. Mwanafunzi anayejifunza kuirefusha na kuibana i ya “leave” hupata faida mara mbili, midomoni na kwenye karatasi. “I want to live in Mwanza” na “I want to leave Mwanza” ni habari mbili zinazopingana, na mwajiri au afisa wa uhamiaji atasadiki alichosoma.

Mwisho wa neno nao una hila zake. “Lose”, kupoteza, huishia kwa z, na “loose”, iliyolegea, kwa s. Ndugu yake “lost” ana o moja, na “lose” lina o moja vilevile. “Price”, bei, na “prize”, zawadi ya mshindi, hutenganishwa na s na z hizohizo. Kwa sauti ya “th” Kiswahili kina neema ambayo lugha nyingi hazina: anayetamka “thamani” na “dhahabu” kwa ufasaha tayari anazo sauti za “think” na “then”, na hana sababu ya kulichanganya “think”, kufikiri, na “sink”, kuzama. Wale ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi l na r hukutana na shida ileile inayowachanganyia “kula” na “kura”: “fly”, kuruka, na “fry”, kukaanga, “collect”, kukusanya, na “correct”, kusahihisha.

Hata miongoni mwa wenye lugha, orodha ya homofoni si moja. Huko kusini mwa Uingereza r baada ya irabu haitamkwi, hivyo “sauce”, mchuzi mzito, na “source”, chanzo, ni sawa. Mskoti huyatofautisha, na Wamarekani wengi vilevile. Kwa upande wao Wamarekani wengi hulainisha t katikati ya neno, na “writer”, mwandishi, hulingana na “rider”, mpanda farasi. Tahajia ya Marekani nayo imepunguza baadhi ya jozi. Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, alitetea maumbo mepesi, na leo Mmarekani anaandika “practice” na “license” kwa nomino na kitenzi, “check” kwa hundi na ukaguzi, na “tire” kwa tairi na kwa kuchoka, ambako Mwingereza hutenga “tyre” na “tire”.

Tofauti hiyo imeingia ndani ya kompyuta na simu. Programu ya kukagua tahajia iliyowekwa kwenye Kiingereza cha Marekani itapigia mstari “cheque” na “tyre” kana kwamba ni makosa, na mwanafunzi wa Nairobi au Dar es Salaam akiitii ataandika tahajia ambayo mtaala wake hauifuati. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio wa lugha uwe Kiingereza cha Uingereza. Kwa homofoni zenyewe msaada wa programu hizo ni mdogo zaidi, kwa sababu “principle” na “principal” yote ni maneno halali na ukaguzi wa kawaida hauoni kasoro. Programu mpya zinazopima sentensi nzima hukamata “it’s” iliyowekwa mahali pa “its” mara nyingi, lakini “councillor” na “counsellor” yote hukaa vizuri katika sentensi ileile, na anayejua ni yupi aliyekusudiwa ni mwandishi peke yake.